Mali bila daftari: Mwenye rehani naye huweza kutoka mikono mitupu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hiyo huelekezewa mwenye duka dogo anayekopesha unga na sukari bila kuandika, na mwisho wa mwezi akabaki kukuna kichwa. Ni nadra mtu kuitaja anapozungumza juu ya benki kubwa yenye mawakili, makarani na mitambo ya kuhifadhi kumbukumbu. Hata hivyo, mnamo Januari 2015, mahakama ya rufani mjini New York ilitoa uamuzi ambao kiini chake hakikutofautiana na methali hiyo. Aliyefunzwa adabu safari hiyo alikuwa benki ya JPMorgan Chase, na mkopo uliohusika ulikuwa wa dola bilioni 1.5.

Nimelileta suala hili mbele ya walimu na wanafunzi kwa sababu mbili. Kwanza, katika masomo yetu ya biashara tumezoea kufundisha kwamba mdaiwa anapofilisika, mwenye rehani hulipwa kwanza, kisha wengine hugawana makombo. Kauli hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Pili, walimu wenyewe ni wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, na vyama hivyo hukopesha kwa kushika hatimiliki za mashamba na vitabu vya usajili wa magari. Asiyejua jinsi rehani inavyopotea hawezi kuilinda akiba yake.

Hebu tuanze na msingi wenyewe. Mdai mwenye dhamana ana haki mbili zilizofungwa pamoja. Ya kwanza ni haki ya kudai pesa zake kwa aliyezikopa. Ya pili ni haki juu ya mali iliyowekwa rehani, iwe ni shamba, trekta au mitambo ya kiwanda, ili deni lisipolipwa mali hiyo iuzwe naye alipwe. Mdaiwa anapofilisika, mahakama huweza kuifuta haki ya kwanza, maana shabaha ya sheria ya ufilisi ni kumwezesha mja kuanza upya. Haki ya pili haifutiki kwa wepesi huo. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua mwaka wa 1886, katika kesi ya Long na Bullard, kwamba deni la mtu binafsi hufutika katika ufilisi lakini rehani juu ya mali hubaki palepale. Kanuni hiyo ingali hai hadi leo.

Basi ikiwa rehani ina ngozi ngumu kiasi hicho, ni vipi mwenyewe huipoteza? Jibu ni kwamba mara nyingi haipokonywi na adui. Huiachilia mwenyewe, kwa uzembe, kwa kuchelewa, kwa kunyamaza au kwa kuiita jina lisilo lake.

Tuitazame kesi ya kampuni ya magari ya General Motors. Mwaka wa 2001 kampuni hiyo ilipata fedha zipatazo dola milioni 300 kwa mpango uliohusu ardhi na majengo. Mwaka wa 2006 ikachukua mkopo mwingine, mbali kabisa na ule wa kwanza, wa dola bilioni 1.5, na dhamana yake ilikuwa mitambo na vifaa vilivyokuwa katika viwanda vyake vingi. Katika mipango yote miwili, JPMorgan Chase ndiyo iliyosimama kwa niaba ya wakopeshaji, na kumbukumbu za dhamana ziliandikishwa katika sajili ya serikali ya jimbo la Delaware, ambako kampuni hiyo iliandikishwa.

Ilipofika Oktoba 2008, General Motors iliamua kuumaliza ule mkopo mdogo. Mawakili wake wakaanza kutayarisha hati za kuziondoa dhamana zake katika sajili. Msaidizi mmoja wa mawakili hao aliipekua sajili, akapata kumbukumbu tatu. Mbili zilihusu mkopo mdogo. Ya tatu ilihusu mkopo mkubwa wa dola bilioni 1.5. Zote tatu zikatiwa katika orodha moja, na hati za kuziondoa zikaandikwa. Hati hizo zilipelekwa kwa mawakili wa benki, wakazikagua, wakazipitisha. Hakuna jicho hata moja lililoiona ile kumbukumbu ya tatu. Hati zikawasilishwa Delaware, na kuanzia siku hiyo sajili ikawa inautangazia ulimwengu kwamba dhamana kuu ya mkopo mkubwa haipo tena.

Miezi saba baadaye, tarehe 1 Juni 2009, General Motors ilikimbilia ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Hapo ndipo kosa lilipofichuka. Kamati ya wadai wasio na dhamana iliishtaki benki, ikisema kwamba kwa kuwa kumbukumbu imekwisha kuondolewa, benki haina tofauti na mdai mwingine yeyote. Mwaka wa 2013 mahakama ya ufilisi iliihurumia benki: hakuna aliyekusudia kuiondoa dhamana hiyo, basi haikuondoka. Lakini rufani ilipokatwa, majaji waliiuliza Mahakama Kuu ya Delaware maana ya sheria yake. Jibu lililotolewa mwaka wa 2014 lilikuwa fupi na kali. Sheria haiulizi mdai alikuwa na nini moyoni. Huuliza kama aliiruhusu hati hiyo iwasilishwe. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikakata shauri: benki iliikagua hati na kuiruhusu, basi hati ilikuwa na nguvu. Mabishano juu ya mali ambazo bado zilikuwa zimelindwa na kumbukumbu nyinginezo yaliendelea kwa miaka kadhaa, lakini dhamana kuu ilikuwa imekwenda na maji.

Huenda msomaji akauliza: kwani General Motors haikujua kwamba ilikuwa imeweka rehani? Ilijua. Benki nayo ilijua. Kati ya wawili hao, mapatano yao yalikuwa halali. Sasa sajili inaingiaje?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Rehani si mapatano ya watu wawili tu. Ni mapatano yanayowagusa watu wengine wote wanaomdai mtu yuleyule: msambazaji wa vipuri, mwenye nyumba, mfanyakazi anayengoja mshahara. Hao hawakuwapo wakati mkataba ulipotiwa sahihi. Njia yao ya pekee ya kujua kwamba mitambo wanayoiona kiwandani si mali huru ni kuisoma sajili. Sajili isiposema kitu, wana haki ya kuamini kwamba hakuna kitu. Kwa sababu hiyo, sheria ya ufilisi ya Marekani ya mwaka 1978 humvika msimamizi wa mali ya muflisi vazi la mdai wa kubuniwa, aliyepata hukumu na kuikamata mali yote ya mdaiwa siku ileile ya kufilisika. Dhamana ambayo haikutangazwa ipasavyo haiwezi kumshinda mdai huyo. Ikibatilishwa, thamani yake hutiwa katika chungu cha wote, naye aliyekuwa na rehani huenda kupanga foleni pamoja na wengine. Deni lake halifi, ila kipaumbele chake ndicho kilichokufa.

Mlango wa pili wa kupotea ni jina. Mwaka wa 2004 majaji wa rufani za ufilisi waliamua kesi iliyotoka jimbo la Kansas. Kampuni ya Deere, waundaji wa trekta, ilikuwa imemkopesha mkulima zana za shambani na kuandikisha dhamana yake. Lakini katika sajili ililiandika jina la mkato ambalo mkulima huyo alijulikana nalo kwa majirani, badala ya jina lake kamili la kisheria. Aliyeitafuta sajili kwa jina kamili hakupata kitu. Majaji wakasema kwamba kumbukumbu isiyoweza kupatikana ni sawa na kumbukumbu isiyokuwapo. Rehani ikabatilika. Baadaye sheria ilirekebishwa, na tangu mwaka 2013 majimbo mengi ya huko hutaka jina liandikwe kama lilivyo katika leseni ya udereva. Mwalimu anayewakemea wanafunzi wanaoandika majina yao kwa mkato katika karatasi ya mtihani asidhani anafanya mchezo.

Mlango wa tatu ni wakati. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kwa kawaida kumbukumbu ya dhamana katika sajili za Marekani hudumu miaka mitano. Mdai asipoihuisha katika miezi sita ya mwisho, hukoma kama taa iliyoishiwa mafuta. Fauka ya hayo, kuna kanuni ya siku tisini. Mdaiwa aliyekwisha kuelemewa akimpa mdai wa zamani rehani mpya kwa deni la zamani, kisha akafilisika kabla ya siku tisini kupita, msimamizi huweza kuitangua rehani hiyo. Ikiwa aliyepewa ni jamaa au mshirika wa karibu, kipindi huwa mwaka mzima. Busara yake ni wazi. Jahazi linapozama, nahodha hana ruhusa ya kumpa swahiba wake mashua ya kuokolea watu na kuwaacha abiria wengine wakipiga mbizi.

Mlango wa nne ni kimya. Mwaka wa 1995 mahakama ya rufani ya Chicago iliamua kesi ya wafugaji wa nguruwe wa jimbo la Indiana. Mkopeshaji wao alikuwa na rehani juu ya nguruwe hao. Wafugaji walipofilisika, mpango wa kulipa madeni uliandikwa, mkopeshaji akashiriki katika shauri, na mpango ukaidhinishwa. Mpango ulieleza jinsi atakavyolipwa, lakini haukusema neno lolote juu ya rehani yake. Naye hakuuliza. Baadaye alipotaka kuitumia rehani hiyo, aliambiwa imekwisha kufa siku mpango ulipoidhinishwa. Kanuni ni kwamba mdai aliyeshiriki katika shauri, mpango ukapita bila kuihifadhi rehani yake, hawezi kurudi kesho kudai kile ambacho jana alikinyamazia.

Sheria ya Kiingereza, ambayo ndiyo chimbuko la sheria zetu za ufilisi hapa Kenya, ina funzo linalofanana na hilo. Mdai mwenye dhamana anapofika mbele ya mfilisi ana njia tatu. Anaweza kuiuza mali iliyo rehani na kudai salio. Anaweza kuikadiria thamani na kudai pengo lililobaki. Au anaweza kuisalimisha rehani na kudai deni lote pamoja na umma wa wadai. Anayewasilisha dai la deni zima bila kuitaja dhamana yake hujihatarisha kuhesabiwa kuwa ameisalimisha. Kumbe hata fomu ya kudai inaweza kuwa kaburi la rehani, ikijazwa na mtu asiyejua anachokijaza.

Mlango wa tano ni kuiita dhamana jina lisilolingana na hali yake. Sheria yetu, kama ile ya Uingereza, hutofautisha dhamana iliyofungwa kwenye mali mahususi, mathani jengo fulani, na dhamana inayoelea juu ya mali inayobadilika kila siku, kama bidhaa za dukani. Katika kufilisi, dhamana inayoelea hutanguliwa na madai ambayo sheria imeyapa kipaumbele, yakiwamo ya mishahara ya wafanyakazi kwa kiwango kilichowekwa. Kwa hiyo mabenki hupenda kuiandika dhamana yao kuwa ni ya kufungwa. Mwaka wa 2005, katika kesi ya kampuni ya Spectrum Plus, Baraza la Malodi la Uingereza lilikataa hila hiyo. Benki iliandika kwamba ina dhamana ya kufungwa juu ya madeni ambayo kampuni ilikuwa ikiwadai wateja wake, lakini kampuni ilikuwa huru kuzitumia fedha hizo zilipoingia katika akaunti. Malodi walisema dhamana ya namna hiyo inaelea, hata ikibatizwa jina gani. Benki ikapoteza nafasi yake ya mbele.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mahakama hukaa zikitafuta visa vya kuwavua wakopeshaji rehani zao. Mwaka wa 1992, katika kesi ya Dewsnup, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua juu ya shamba lililokuwa na thamani ya dola 39,000 huku deni lililoegemea juu yake likiwa takriban dola 120,000. Mdaiwa aliomba rehani ipunguzwe iwe sawa na thamani ya shamba. Mahakama ilikataa, ikasema katika ufilisi wa kuuza mali rehani hubaki mpaka mali iuzwe. Bei za nyumba zilipoporomoka huko Marekani kuanzia mwaka 2007, watu wengi walijikuta na rehani mbili juu ya nyumba isiyotosha kulipa hata ile ya kwanza. Waliochagua kulipa madeni yao kwa awamu chini ya usimamizi wa mahakama waliruhusiwa kuiondoa rehani ya pili iliyokuwa haina chochote cha kuegemea. Waliochagua ufilisi wa kuuza mali walinyimwa nafuu hiyo na Mahakama Kuu Kabisa mwaka wa 2015. Kwa hiyo mizani hupanda na kushuka pande zote mbili.

Wapo watakaonipinga kwa hoja nzito. Watauliza: je, ni haki dola bilioni 1.5 zitegemee kosa la msaidizi mmoja wa wakili? Wadai wengine wa General Motors hawakukopesha kwa kuitegemea kumbukumbu iliyoondolewa kimakosa. Wengi wao hata hawakuwahi kuiangalia sajili. Si wameokota embe chini ya mti wasioupanda?

Nakiri kwamba hoja hiyo ina uzito, na hata mahakama ya ufilisi iliizingatia mwaka 2013. Lakini tufikirie njia ya pili ingetufikisha wapi. Ikiwa kila kumbukumbu katika sajili itategemea nia iliyofichika moyoni mwa aliyeiandika, basi sajili haitakuwa na maana. Kila mkopeshaji mdogo atalazimika kumhoji kila mkopeshaji mkubwa: je, ulipoiondoa dhamana yako ulikusudia kuiondoa? Mkubwa ana mawakili wa kumjibu, mdogo hana mawakili wa kuuliza. Daftari linalosomwa na wote kwa maana moja ni ngao ya mnyonge kuliko ya mwenye nguvu. Aidha, kati ya benki iliyoletewa hati mkononi ikaipitisha, na msambazaji wa vipuri ambaye hakuhusishwa kabisa, ni nani anayestahili kuubeba mzigo wa kosa? Mimi naona ni yule aliyekuwa na nafasi ya kulizuia.

Hapa nyumbani jambo hili si hadithi ya ng'ambo. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 huitaka kampuni iandikishe dhamana kwa Msajili katika siku 30, ambapo sheria ya zamani ilitoa siku 42. Dhamana ambayo haikuandikishwa huwa batili mbele ya mfilisi, mbele ya msimamizi aliyeteuliwa kuinusuru kampuni, na mbele ya wadai wengine. Sheria ya Ufilisi ya mwaka uohuo ilileta utaratibu wa kuzipa kampuni zinazougua muda wa kupona, na katika muda huo mwenye rehani hawezi kuivamia mali apendavyo. Kisha Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2017 ikaanzisha sajili ya kielektroniki. Kwa sheria hiyo mkulima anaweza kuweka rehani ng'ombe au mazao, na fundi akaweka rehani cherehani yake. Ni mlango uliofunguliwa kwa maskini wasio na hatimiliki. Lakini mlango huohuo humtaka mkopeshaji, hata kiwe chama kidogo cha walimu wa tarafa, aandikishe, aandike sawasawa, na asiache tarehe zikampita.

Ndiyo maana nawasihi walimu wa masomo ya biashara, na hata wa lugha, wasiliache funzo hili kwa mawakili. Mpe mwanafunzi hati ya mkopo aisome. Muulize nani ameweka rehani, ni mali gani hasa, jina limeandikwa vipi, tarehe ya mwisho ni lini. Mpe orodha ya hati tatu na umwambie moja si ya hapo, aitafute. Zoezi hilo ni la dakika kumi, nalo ndilo lililowashinda mawakili wa pande mbili katika shauri la mabilioni.

Nao walimu walio katika kamati za mikopo za vyama vyao wana kazi nyingine. Kabati lililojaa hatimiliki na vitabu vya magari humpa mwanachama usingizi mnono. Hata hivyo, hati iliyofungiwa kabatini haimwambii kitu mtu aliye nje ya kabati. Mkopaji akifilisika, mfilisi hatauliza nani ameshika karatasi. Atauliza ni nani aliyeandikwa, kwa jina gani, na siku gani. Mkutano ujao wa kamati na uanze kwa kulijibu swali hilo, faili baada ya faili, kabla mfilisi hajalileta mwenyewe.